Jumamosi Niliyokuambia Hakuna Kitu

Baba,

Jana nilipanda tena kule msituni juu ya shamba letu la Ibaba, ile mashine ya kunusa madini ardhini begani. Sikumuaga mtu zaidi ya Mama. Huu ni mwezi wa nne tangu tukuzike na nyumba bado haijazoea. Mama anakupakulia ugali, kisha anakumbuka, anaurudisha sufuriani. Hakuna anayethubutu kuwasha redio yako.

Binamu, yule mchimbaji wa dhahabu aliyekuazima mashine, aliikuta matangani imeegemea ukuta wa chumba chako. Hakuigusa. Aliniambia tu, "Kaa nayo, dada."

Watu walisema unatafuta rupia za Mjerumani zilizofukiwa. Baba zangu wadogo ndio waliocheka kuliko wote. Kumbe wewe ulitaka kuona mahali babu yako alipoyeyushia chuma na kufua majembe, basi. Wao walishikilia kwamba ukoo huu haujawahi kuwa na mhunzi, hizo ni hadithi za bibi. Najua lilikuuma.

Na tulivyoanza, Baba. Miezi miwili tulizunguka msitu mzima, mashine imenuna. Kumbe wenzetu wa dhahabu huifunga isilie kwa chuma, wasisumbuliwe na misumari. Sisi tunatafuta chuma kwa mashine iliyokatazwa kusikia chuma! Ulicheka mpaka ukakaa chini, ukajifuta machozi kwa kofia. Nikikumbuka kicheko kile sasa, ndicho kinachoniliza.

Binamu akaifungua isikie chuma. Baadaye masikio yako yakaanza kuziba, ukanivalisha mimi hedifoni. Wewe unapitisha mashine juu ya majani, mimi nasikiliza, huku unanitazama usoni. "Masikio yako ndiyo yangu, Tuse." Kila Jumamosi nilifunga duka langu la vitenge Tunduma nikaja.

Halafu ile Jumamosi. Mvua ilikuwa imejaa upande wa Malawi. Nilikuwa na njaa, viatu vimelowa, wateja wangu wa Zambia wamepiga simu mara tatu, na gari la kurudi Tunduma li karibu kuondoka. Karibu na kile kichuguu kikubwa hedifoni ikanguruma, sauti nzito ya kukwaruza, ya chuma kingi. Ukauliza, "Kuna kitu?"

Nikasema, "Hakuna kitu, Baba. Twende."

Hukubisha. Ulikunja waya taratibu, tukashuka.

Jumamosi iliyofuata sikuja, wala zile mbili baada yake. Nilisingizia duka. Kisha asubuhi moja Mama akapiga simu, na alipotaja jina langu tu, nikajua.

Jana nilichimba pale pale. Kina cha kiwiko nikakuta mavi ya chuma, yale masalia ya kuyeyushia, vipande vyeusi vizito, rundo zima. Chini yake jembe. Limeliwa na kutu, lakini ile ncha ndefu ya kuchomeka kwenye mpini bado ipo, na alama za nyundo unazihisi kwa kidole. Nilikaa kwenye udongo nikalia kwa sauti, mtu mzima mimi.

Nilimpelekea Mama, nikamweleza yote. Alilipokea jembe, akalifuta udongo kwa kanga. Kisha akaniambia kwamba ulijua. Siku ile ile ulirudi ukamwambia, "Tuse amesikia kitu, nimemwona usoni. Amechoka tu. Nitamngoja." Ukaningoja Jumamosi tatu, mashine umeiweka mlangoni tangu asubuhi. Mama alikusihi uende na mtu mwingine ukachimbe, ukakataa. Ulitaka tukione pamoja.

Nilidhani nikimwambia Mama nitapata nafuu. Sikupata. Afadhali ungekuwa hukujua.

Mwezi ujao tunakujengea kaburi. Ndugu wote watakuwepo, na baba wadogo pia. Baada ya sala nitaliweka jembe mbele yao, niwaambie mhunzi alikuwepo na kazi ya mkono wake ni hii. Halafu nitawaambia na lile lingine, nani alikunyima kuliona. Mama anasema hakuna haja, hilo libaki kati yetu. Nitalisema, Baba. Nakuahidi, na safari hii sitatafuta sababu ya kuwahi gari.

Pumzika sasa. Uliniuliza swali ukaondoka bado unangoja jibu lake. Ndiyo, Baba. Nilisikia.

Mwanao,
Tusekile