Usililipie Lile la Kijivu

Michenga, Ifakara
Jumatatu asubuhi

Mwanangu mpendwa Edna,

Marahaba. Najua umeniamkia mara tu ulipoiona bahasha, kwa hiyo nimeitikia kabla sijasahau. U hali gani, mwanangu? Mumeo hajambo? Kile kifua kimepona, au bado anakohoa huku anakunywa soda ya baridi kama mtoto asiye na mama? Martin na Beno hawajambo? Mwambie Beno picha yake ya pengo nimeonyeshwa, na akicheka vile ni babu yake mtupu, Mungu amrehemu. Mimi huku ni mzima. Miguu inavimba jioni, asubuhi inanywea, ndiyo desturi yake. Mpunga umeshaingia kwenye viroba, kuku wamebaki saba, na yule paka mwizi kazaa tena juu ya gunia langu. Afya ipo. Utulivu ndio sina.

Usishangae kupata barua wakati simu ninayo. Simu nimeijaribu mara tatu tangu Jumamosi. Kila nikikusikia umefurahi, mdomo unakwenda kwenye habari za paka. Karatasi haina sauti yako, ndiyo maana nimeikimbilia. Anayeandika ni jirani yangu Frida, yule mwalimu wa chekechea, na nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambie. Mtoto wa marehemu dada yangu anakuja huko Dodoma kesho kwa mambo yake, na ameahidi kuiweka mkononi mwako Jumatano. Wewe ulisema gari utalilipia Ijumaa. Basi neno langu la kwanza ni hili: usililipie. Soma mpaka mwisho, hasira ziache zisubiri mlangoni.

Mwanangu, nianzie pale ulipoanzia wewe. Masika yaliyopita, maji yalipoingia Michenga, nilikaa juu ya dungu la kulindia ndege shambani siku mbili na wale kuku, nikila mahindi mabichi. Ulikuja na basi, ukanikuta mzima nimechafuka, ukalia kuliko mimi niliyelowa. Ukaapa kwamba masika mengine hayatanikuta hapa. Ukasema utanunua gari, utakuja kunichukua kabla mvua hazijaanza, na chumba changu kimeshaongezwa nyuma ya nyumba yenu, kina choo chake ndani na kimepakwa rangi ya maziwa. Nami nikasema asante. Nilisema asante tu, naomba ulikumbuke hilo.

Halafu ukaja ugomvi wenu wewe na kaka yako. Deus, kwa kuwa anaishi Dar es Salaam na anapita mbele ya vioo vya magari kila siku, akashikilia kwamba ununue jipya. Alisema kununua gari lililotumika ni kununua magonjwa ya mtu mwingine. Jipya lina dhamana ya miaka, lina kamera ya kuonea nyuma, na usipofunga mkanda linalia kama mbuzi aliyesahauliwa kwenye kamba. Wewe ukamjibu kwamba hayo mapya unayoyamudu ni mafupi, matumbo yake yatabaki kwenye tope la mlangoni kwa mama, na yakiharibika huku hakuna fundi anayeyajua. Bora lililotumika, lililoinuka kidogo, si dogo la mjini wala si lile jigari la porini, liwe lile ambalo mafundi wote wa Ifakara wameshalifungua na kulifunga. Deus akasema una ubahili. Wewe ukasema Deus tope amelisahau tangu alipovaa soksi. Mlidhani mimi siyajui ya kwenye kundi la familia. Frida hunisomea yote, na yale maneno ya tarehe nne nimeyasikia, wote wawili mna adabu mbovu.

Mwisho mkakubaliana kwamba mama aamue, kwa kuwa mwenye magoti mabovu ni mama. Ukanielekeza kwa Bwanaheri, yule mwenye duka la mabati na misumari karibu na soko, anayeuza gari lake la kijivu. Ukaniomba nikalikalie, nimchukue fundi Steven alitazame, kisha nikupe jibu, na jibu langu ndilo litakalokuwa.

Nilikwenda Jumatano iliyopita, nimevaa kitenge cha misa. Gari lilikuwa linang'aa kama kipara kilichopakwa mafuta. Nitakwambia kweli, ni zuri. Nilipanda bila kusukumwa matakoni, na magoti hayakusema kitu. Bwanaheri akaniendesha mpaka Kiberege na kurudi, taratibu, ananiita Bibi, ananiuliza habari zako na za wajukuu. Mtu mwenye heshima. Tuliporudi ulikuwa muda wa sala ya adhuhuri, akaniomba radhi, akaniacha nimekaa mle ndani milango wazi.

Sasa wewe unanijua. Nimenunua mpunga wa watu miaka arobaini. Mpunga hautazamwi juu ya gunia, juu kila mtu huweka mzuri. Unazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, unatoa wa chini kabisa, unausugua, unaunusa. Mpunga uliozama ukaanikwa upya unakutazama vizuri kabisa, lakini harufu yake haidanganyi. Basi mkono wangu, bila hata kuuagiza, ukaingia chini ya zulia la gari, nyuma ya kiti, pale kitambaa kinapokutana na bati. Ukatoka na vumbi jembamba la kijivu, laini kama unga wa sembe, na pumba mbili za mpunga. Vumbi la barabarani ni jekundu na linakwaruza. Hilo la kijivu nimelifagia nyumbani kwangu, nimelikung'uta kwenye sanduku la nguo, nimelifuta kwenye picha ya baba yako. Ni tope la mto likikauka. Nikauvuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake, kama unavyoikunjua kanga yote kabla ya kuinunua. Mwanzo ulikuwa safi. Kule mwisho ulikuwa na mstari wa kahawia, sawasawa na ule uliobaki kwenye ukuta wa chumbani kwangu.

Bwanaheri akarudi, akanikuta nimeushika mkanda. Akasimama. Akasema, "Bibi, umelijua."

Nikasema nimelijua.

Hakukana. Aliketi kwenye ngazi ya duka lake akanieleza. Masika yale mto Lumemo uliingia uani kwake, gari likakaa ndani ya maji siku nzima, mpaka kwenye viti. Amelikausha, amebadilisha vitu vingi, linatembea kama nilivyoona, lakini gari lililozama linaweza kugoma siku yoyote, na ndiyo maana analiuza kwa bei ya kuona haya. Akasema hamfichi mnunuzi, ila jambo kama hilo mama analifikisha vizuri kuliko yeye. Akanipa neno nikuletee: mwambie binti yako limekunywa maji, akilitaka bado, tutaongea.

Jioni ile ukapiga simu. Nikakwambia gari ni zuri, kiti chake ni kama kitanda. Ukaniuliza fundi amesemaje. Nikakwambia fundi amelisifu. Fundi sikumwita, Edna. Steven hajaliona hilo gari hata kwa mbali. Kesho yake Bwanaheri akakupigia, akakuuliza kama mama amekueleza yote, ukamjibu mama amenieleza yote. Yeye alisema kweli na wewe ulisema kweli. Uongo ulikaa katikati yenu, na jina lake ni Bibiana, mama yako mzazi.

Utasema mama amezeeka, amechanganyikiwa. Au utasema Bwanaheri amenipa kitu. Yule mtu usimguse, hana kosa. Tangu siku ile kila tukikutana ananiuliza, nami namjibu kwamba umepata habari zote na umeridhika. Mimi ninayemwambia padre kwamba mahubiri yake ni marefu, mimi niliyemwambia mumeo siku ya posa kwamba koti si lake, nimeshindwa kukwambia neno moja. Hapa Frida ameinua kalamu, ananitazama. Nimemwambia aandike.

Nililichagua kwa sababu ni bovu.

Nilitaka uje na furaha yako, unipakie na godoro langu, uwashe gari mbele ya majirani, na gari likatae. Ligome hapa hapa uani, au likijitahidi sana ligome Kiberege, watu wacheke, fundi aitwe, siku zipite, likizo yako iishe. Wewe ungepanda basi kwenda kazini, na mimi ningerudi ndani kuwasha moto. Halafu mvua zingeanza, ungesema basi, mpaka mwakani. Hivyo ndivyo nilivyopanga, mzee mzima, kama mtoto anayeficha kiatu ili asiende kanisani.

Sitaki kuhama, Edna. Miezi ile mitatu niliyokaa kwenu baada ya kuugua, mlinitunza kama yai, na yai halina kazi ila kukaa. Nikishika ufagio, dada wa kazi ananipokonya. Nikitoka getini, sina wa kumuuliza ameamkaje. Nilikuwa naamka najiuliza leo ni nani ananihitaji, nakosa jibu, narudi kulala. Huku nikichelewa kufungua dirisha Frida anagonga. Watu wananiletea mpunga niushike kabla hawajauuza. Mto unanitisha, sikudanganyi, lakini mto naujua tabia. Na ile rangi ya maziwa ndiyo iliyonifunga mdomo. Mtu anakupakia chumba rangi, utamwambiaje hukitaki?

Ningekaa kimya mpaka leo. Jumamosi nilikuwa kwenye mashine ya kukoboa, napepeta. Bwanaheri akapita, akasimama, akasema anakusifu kwa moyo, kwani watu wengi wangelikataa lile gari, hasa wenye watoto. Nikamwambia litagoma tu, si utalisukuma pembeni? Akatikisa kichwa. Alisema waya zikishaliwa na tope, gari haligomi limesimama. Linakwenda vizuri wiki, linakwenda mwezi, halafu siku moja linazima likiwa kwenye mwendo, usukani unakuwa mgumu, breki inakuwa jiwe, na lori liko nyuma yako. Akashauri kabla ya safari ndefu ya kupitia Mikumi zifunguliwe waya zote. Niliuweka ungo chini. Siku hiyo hiyo ulikuwa umenipigia kunichekesha, kwamba Martin na Beno wamegombania nani atakaa nyuma ya dereva, na kwamba bibi atakaa katikati awashike wote wawili.

Tangu hapo sikai. Nimefagia uwanja mpaka umekuwa kidonda. Nimeunguza maharage mara mbili. Nakwenda mjini kwa miguu, nafika, sijui nimefuata nini, narudi. Mwanangu, nilikuwa tayari kuharibu safari. Watoto wenu kwenye mahesabu yangu hawakuwemo. Niliona tope langu na mlango wangu tu, na barabara yote kutoka hapa mpaka Dodoma sikuiona.

Leo kabla ya kumwita Frida nimepita dukani kwa Bwanaheri, nikamwambia mimi ni mwongo na binti yangu hajui kitu. Akasema Ijumaa hata ukimtumia pesa, atakurudishia. Ila amenitazama kwa namna nisiyoipenda, na ni haki yake.

Sasa nisikilize kuhusu gari. Lile lililoinuka ulikuwa unalitafuta kwa ajili ya tope la mlangoni kwangu. Mwenye tope hahami. Kwa hiyo gari mnalonunua ni lenu, la lami ya Dodoma, la shule na kazi na kanisa. Chukua lile jipya analolisema Deus, fupi au refu. Mwambie kaka yako ameshinda, na asijivune, hakushinda kwa akili yake. Au kama unapenda bado lililotumika, tafuta jingine, ufike mwenyewe na fundi wako, uuvute mkanda mpaka mwisho, uzamishe mkono chini ya zulia. Mdomo wa mtu usiuamini, hata wa mama.

Kuhusu maji, nimezungumza na Frida. Mvua zikikaza nitahamia kwake, nyumba yao iko juu, na ameniandalia kitanda karibu na jiko. Hilo nimekubali kwa sababu yako. Dodoma nitakuja na basi, Krismasi, nikae wiki mbili katika chumba chenye rangi ya maziwa, na mkinipa jungu nipike, nitakaa ya tatu.

Kasirika, mwanangu. Una haki. Ninyamazie simu mwezi mzima ukitaka. Hasira yako nitaibeba, mradi unanikasirikia ukiwa na wanao wote wawili mezani.

Msalimie mumeo, avae sweta. Wabusu Martin na Beno, wasiambiwe haya mpaka wawe na ndevu. Deus msomee mwenyewe barua hii, usimpelekee kwenye kundi. Frida anakusalimu na anaomba radhi kwa aliyoyaandika. Bikira Maria awafunike nyote, nami nabaki hapa nikiwaombea, macho barabarani.

Ni mimi mama yako, mkosefu,

Bibiana