Ukimya Unaoshuka Kutoka Mahame

Ndugu Mshauri, nisaidie, maana kichwa kimejaa na nyumbani hakuna wa kumwambia. Mimi ni mama wa huku njia ya Kibara, mjumbe wa serikali ya kijiji, na ile operesheni ya vijiji ilipotushusha kutoka mlimani tujipange kando ya barabara tuliacha mahame yetu kule juu, na makaburi ya wazee yako huko huko, baadaye yakatubakia kijijini madebe ya dawa ya pamba iliyoharibika, kali hiyo, ukiinusa tu macho yanatoka machozi, tukaulizana tuyafukie wapi, tukaona kwenye mahame ndiko salama, kwa sababu kwetu hakuna anayechimba wala kulima penye kaburi la mzazi, hata mtoto anajua.

Sasa Ndugu, mvua za kwanza zikinyesha vyura wa bonde letu walikuwaga wanapiga kelele mpaka hamsikilizani, ila masika ya mwaka juzi pale chini tu ya mahame palikuwa kimya, tukacheka, tukasema vyura wamegoma, mwaka jana ukimya ukawa umeshuka hadi kwenye mkuyu ulio katikati ya bonde, upande wa mlimani halii hata mmoja, upande wa chini wanalia kama kawaida, ukisimama pale mkuyuni sikio moja linasikia na lingine kama limezibwa, nikakimbia, na chemchemi tunayoteka wote iko bondeni, chini zaidi ya huo mkuyu.

Tumeuza pamba, na fedha iliyopo inatosha jambo moja tu. Mwenyekiti wetu Luhende anataka zahanati, na kweli wagonjwa tunawaona kwa macho, hata binti yangu Wankyo ana mimba na uchungu ukimshika ni mkokoteni wa ng'ombe mpaka Bunda. Mzee Ryoba anataka tufukue madebe tuyaweke kwenye banda la saruji lenye kufuli. Bwana shamba Enoka anasema chuma kile ni kinene, kitadumu miaka mingi, hiyo ni shida ya vitukuu. Kura zimelingana, imebaki yangu, na nikimpa Ryoba watasema nimewanyima walio hai kwa ajili ya watu ambao hawajazaliwa. Nifanyeje?

Nyamburi

Mshauri wenu Miriamu anajibu:

Pole sana, mama Nyamburi. Huo mzigo si mchezo. Lakini niache nikugombeze kidogo. Hiyo zahanati ya Luhende itateka maji wapi? Mkunga atamwogesha mjukuu wako kwa maji gani? Huko hukufika. Na Enoka mwulize, hicho chuma kinene amekifukua akakitazama, au anasema tu?

Kura mpe Ryoba. Mgonjwa wa leo mkokoteni unamfikisha Bunda, kwa shida lakini unamfikisha, na mwakani mtauza pamba tena mjenge zahanati yenu. Chemchemi ikishaharibika mtauza nini mpate nyingine? Waiteni wazee wa ukoo waseme na marehemu wao kabla jembe halijagusa udongo. Mtaalamu aombwe wilayani, mtu asije akashika debe kwa mikono mitupu. Na jamani, msiyatupe ziwani, wala msiyahamishie mlima wa majirani mkadhani mmemaliza. Banda likae ng'ambo ya barabara, mbali na maji, mahali ambapo kila apitaye analiona.

Kuna jambo lingine. Umeniandikia ya mwaka juzi, ukaniandikia ya mwaka jana. Barua yako ni ya mwezi wa nne, mvua huko zimeshanyesha, na ya mwaka huu hukusema hata neno. Nimeisoma na kuirudia nikitafuta. Nadhani umekwenda kusikiliza, mama, ukaogopa kuandika ukimya umefika wapi. Basi usingoje kikao wala kura. Watangazie majirani wateke ziwani, hata kama ni mbali, na mwambie Wankyo amwage yaliyomo mtungini sasa hivi.