Kwa Mdogo Wangu Aliyegawa Dawa

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko nafasi ya karatasi hii. Natumaini u mzima wa afya, kazi inakwenda, na hapo ulipo kuna mtu wa kukuuliza umeamkaje. Sisi huku hatujambo. Baba anakula vizuri, na akiita mtu sauti yake bado inafika barabarani. Mimi nami ni mzima, ila goti la kushoto ambalo siku za baridi hutaka nitembee kama bata.

Najua utashtuka kuuona mwandiko huu. Miaka tisa si mchezo. Anwani yako nimepewa na muuza mabeseni aliyepita huku mwezi uliopita. Alisema alikukuta kwenye kiwanda cha mbao ukipakia lori, kwamba umekonda kidogo, na kwamba ulimwuliza habari za kila mtu wa huku isipokuwa za nyumbani kwenu. Aliposema hivyo nilijifanya nachagua beseni. Nilinunua la bluu ambalo sikulihitaji, nikaenda nalo nyuma ya nyumba, nikakaa juu yake nikalia mpaka likabonyea.

Nimekukumbuka sana. Wewe ndiye mtu pekee ninayemjua asiyeweza kufunga kamba za viatu bila kupiga mluzi, na mpaka leo nikisikia mluzi njiani nageuka. Mara nyingi ni mtu anaita mbwa wake.

Nyumba bado ni ile ile, isipokuwa bati la upande wa jiko tumelibadilisha. Chumba chako hakijalaliwa na mtu. Nakifagia kila Jumamosi, nafungua dirisha, halafu nalifunga tena kabla ya saa nne, kwa sababu visubi, wale inzi wadogo wa mtoni, hawajaacha tabia yao ya kuuma mchana kweupe. Baba bado anatengeneza baiskeli pale pale kibarazani. Usishangae. Mpira ukitoboka anaujaza upepo, anaupitisha taratibu mbele ya mdomo, na pale upepo unapomgusa anaweka kidole, anasema ni hapa. Wateja anawatambua kwa mlio wa cheni. Juzi alimwambia mtu mmoja kabla hajasalimu kwamba baiskeli yake inalia njaa kuliko yeye mwenyewe. Lakini jioni, wateja wakishaondoka, hukaa na spana mkononi uso ameuelekeza barabarani, na nikimwuliza anangoja nini husema hangoji kitu.

Sasa nikupe habari za kijiji. Mwanzoni mwa mwaka huu tuliletewa muuguzi mpya kwenye zahanati, mwanamke mfupi, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa maswali. Hakungoja watu wamfuate. Alipita nyumba kwa nyumba, kuanzia kule juu mpaka bondeni, na kila alipoingia aliuliza humu ndani nani haoni. Mimi nilitembea naye siku mbili kumwonyesha njia, na hapo ndipo nilipoona kile ambacho nimekipita maisha yangu yote bila kukiona. Nyumba sitini na mbili, na ishirini na moja zina mtu asiyeona au anayeona ukungu tu. Bondeni, karibu na maporomoko ya maji, karibu kila nyumba imefungwa kamba kutoka mlangoni hadi chooni, na kamba hizo zimeshikwa mpaka zimekuwa laini kama nywele. Watu wana miguu yenye mabaka meupe, wanajikuna kwa magunzi mpaka damu. Muuguzi alimwuliza bibi mmoja ameacha kuona tangu lini, naye akajibu kwa mshangao kwamba si alishafika umri wa kuacha. Alikuwa na miaka arobaini na minane. Huku kwetu, mdogo wangu, upofu tumeuhesabu pamoja na mvi.

Muuguzi aliitisha mkutano. Akaeleza kwamba ugonjwa huu unaitwa usubi, kwamba unaletwa na wale visubi wanaozaliana kwenye maji yaendayo kasi, kwamba vijidudu vyao hukaa mwilini miaka na miaka vikila ngozi na macho, na kwamba dawa ipo na watu wakiimeza kila mwaka macho yanasalimika. Maneno yako hayo ya wakati ukigawa dawa, karibu neno kwa neno. Nilikuwa nimekaa nyuma nikiangalia vidole vyangu. Alipouliza nani atakubali kuwa mgawa dawa wa kijiji, hakuna aliyeinua mkono. Kila mtu alikukumbuka wewe. Tangu uondoke makopo ya dawa yamekuwa yakija, yanakaa kabatini, wanameza watu wachache wa juu, mengine yanarudishwa.

Sijui mkono wangu uliinukaje. Nilishtukia tu muuguzi ananiandika.

Nilifundishwa siku mbili pale zahanati. Nimepewa daftari, na fimbo kama ile yako, iliyopakwa rangi za kuonyesha mtu wa kimo hiki ni kidonge kimoja, wa kimo hiki viwili, mpaka vinne. Nikaambiwa wajawazito wasipewe, wagonjwa mahututi wasipewe, watoto wadogo wasiofika alama ya kwanza wasipewe. Nikaambiwa pia kwamba mtu aliyejaa vijidudu akimeza mara ya kwanza anaweza kuvimba uso na miguu, akawashwa, akapata homa, na kwamba hiyo ni kwa sababu vijidudu vinakufa, itapita. Hapo nililazimika kuomba ruhusa nikatoka nje. Muuguzi alidhani nimeona kichefuchefu.

Nyumba za mwanzo zilikwenda vizuri. Ya kumi na tatu ilikuwa ya Baruti, unamkumbuka, yule mwenye shamba la vitunguu jirani na lile la baba, ambaye hata akikusalimu utadhani anakufukuza. Ana binti wa miaka kumi na minne anayejikuna usiku na mchana mpaka ameacha shule kwa aibu ya ngozi yake. Baruti alisimama mlangoni akaniziba njia. Akasema:

"Dada, kwa heshima yako nakuomba ugeuze. Dawa ya mdogo wako ilimpofua baba yenu, kijiji kizima kiliona. Mwanangu huyu hatameza."

Binti alikuwa nyuma yake ananitazama kupitia chini ya mkono wa baba yake. Macho yake bado ni mazima kabisa. Mimi nikaishusha fimbo chini.

Mdogo wangu, ili ujue kwa nini niliishusha, sina budi kukwambia jambo ambalo nimelifunika miaka hii yote. Nimeanza barua hii mara nne, na mara zote nne nimeishia kwenye salamu.

Unakumbuka mwaka wa kwanza ulipogawa dawa, jinsi baba alivyovimba. Macho yalizibika, miguu ikawa kama magogo, akalala kitandani siku sita anawashwa na kutetemeka. Wewe ulisema itapita, na kweli ilipita. Lakini wewe ulikuwa unazunguka nyumba za watu, mimi ndiye niliyekuwa nikimbadilishia shuka. Mama alikuwa hajamaliza hata mwaka kaburini. Nilimwangalia baba kitandani nikasema moyoni huyu naye anakwenda.

Mwaka uliofuata ulipofika nyumbani na makopo yako, baba alikuwa shambani. Ulijua sheria kwamba dawa humezwa mbele ya mgawaji. Lakini ulikuwa na nyumba nyingi, na mimi ni dada yako. Ukaniachia vidonge vinne kwenye kisahani, ukaniambia nimpe akirudi. Nilivitupa chooni. Nikaenda dukani nikanunua vidonge vya kichwa, vyeupe vile vile, nikamwekea baba kwenye kisahani kile kile. Akavimeza mbele yangu, akakushukuru ingawa hukuwepo.

Asubuhi yake aliamka salama, akala, akaenda kazini. Nikajiona nimemwokoa. Na mwaka uliofuata nikafanya hivyo tena, na mwingine, na mwingine. Miaka minne. Kila mara uliniuliza, "Baba amemeza?" Nikakujibu, "Amemeza." Wewe ukaweka alama kwenye daftari lako, kwa sababu hukuwahi kuniona nikikudanganya.

Macho ya baba yalipoanza kufifia nilijua. Uliposimama pale uani ukilia, ukimwambia baba kwamba hujui umekosea wapi, kwamba kimo ulipima sawasawa na hesabu ilikuwa sawasawa, nilikuwa mlangoni na ndoo ya maji mkononi. Baba alipokwambia kwamba mkono uliompimia dawa usimpe salamu tena, neno moja tu kutoka kwangu lingetosha. Sikulisema. Niliogopa baba asije akanichukia, na nilijiambia kwamba hasira zake zitapoa, nitasema kesho. Kesho yake ulikuwa umeshaondoka.

Muuguzi nimemweleza. Ameniambia kwamba huenda macho ya baba yalikuwa yameshaharibika kabla, kwamba hata angemeza yote hakuna ajuaye. Alisema kwa wema na nimemshukuru. Lakini wema huo nimekataa kujifunika nao. Dawa hukukosea, mdogo wangu. Hukukosea kipimo wala hesabu. Mkono uliokosea ni wangu.

Nilimwambia Baruti hivyo hivyo, pale pale mlangoni, na mke wake na binti wakisikia. Baruti akasema nimemtia aibu, kwa sababu miaka tisa amekuwa akilitukana jina lako kwenye kila kijiwe. Akasogea pembeni. Binti alisimama kwenye fimbo, nikampima, vidonge vitatu, akameza. Baruti naye akameza vyake vinne bila maji, kama mtu anayejiadhibu. Kesho yake nilirudi kuwaangalia. Binti alikuwa amevimba macho kidogo, nikakaa naye mpaka jioni. Siku ya nne nilimkuta anafua.

Siku ile ya kwanza, kutoka kwa Baruti nilikwenda moja kwa moja nyumbani, maana nilijua habari zitanitangulia nikichelewa. Baba alikuwa kibarazani anazungusha gurudumu, anasikiliza kama limenyooka. Nilikaa chini mbele yake nikamwambia yote. Hakuacha kuzungusha. Nilipomaliza aliuliza vilikuwa vidonge vya nini. Nikamwambia vya kichwa. Akauliza miaka mingapi. Nikamwambia minne. Akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha, akasema, "Ndiyo maana miaka ile kichwa hakikunisumbua." Kisha akaingia ndani akiipapasa kamba tuliyomfungia kutoka kibarazani, akafunga mlango.

Siku mbili hakusema nami. Unajua tangu mama afariki amekuwa akiniita mama. Sasa ananiita wewe. Chakula changu anakula, lakini anakula amenipa mgongo. Sina la kulalamika.

Siku ya tatu, asubuhi, aliniita kibarazani. Nilimkuta ameweka spana zote chini, mikono iko magotini. Akaniambia nichukue kalamu nikuandikie maneno yake jinsi alivyoyasema, nisipunguze wala kutia chumvi. Maneno yake ni haya: "Mwambie nimelirudisha lile neno la mkono. Mwambie nimekuwa nikimngoja tangu wiki ile ile aliyoondoka, ila kiburi kilinishika koo. Halafu mwulize, yeye mwenyewe anameza?"

Sikumwelewa mara moja. Akarudia kwa ukali kwamba na wewe umekulia mtoni, visubi wamekuuma kama walivyotuuma sisi, na mtu aliyeamini kwamba dawa yake ilimpofua baba yake atawezaje kuimeza tena. Miaka tisa nimejuta kwa ajili ya macho ya baba, na sikuwahi hata siku moja kuyafikiria ya kwako.

Kwa hiyo nakuomba, na hili si la kunisamehe mimi. Nenda hospitali. Waambie umezaliwa wapi, waonyeshe ngozi, wakuangalie macho, meza dawa. Ukivimba itapita. Na ukipata ruhusa kazini, njoo umwone baba. Kama huwezi kuvumilia kuniona, niandikie tu siku utakayofika, nitakwenda kukaa kwa shangazi mpaka uondoke. Chumba utakikuta kimefagiwa.

Muuguzi anakusalimu ingawa hakujui, anasema anamtaka mtu anayejua kupima. Baruti na mkewe wanakusalimu. Binti yao ameanza tena shule, naye anakusalimu. Wasalimie wote unaofanya nao kazi. Mungu akulinde.

Usijisumbue kuandika marefu. Nijibu hili moja tu, kwa mstari mmoja, nimsomee baba: barua hii umeisoma mwenyewe, au umesomewa?

Ni mimi dada yako,
niliyekuwa mlangoni na ndoo.