Tulivyokuwa Tukishuka Kwenye Matuta

Kwako Baba, dereva wa polepole kuliko wote Mwiki,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na nakwambia mapema usije ukadhani nimekaa hapa kukulilia. Kulia nimelia. Kilichobaki ni hasira, na kwa kuwa sijui pa kuipeleka naileta kwako, na barua naiacha wazi, maana wapo watu wanaopaswa kuisoma ambao hawatakuja kuiomba nyumbani.

Juzi nilikuwa nanunua nyanya hapa stendi. Mama mmoja anayekufahamu akanishika mkono, akanipa pole, kisha akaongeza, "Lakini mzee naye, gari ya chini hivyo na hizi barabara zetu?" Akatikisa kichwa na kunipimia nyanya za ziada. Hakuwa na ubaya wowote. Ndivyo wanavyokusema wote, kwa huruma na nyanya za ziada, na mimi narudi nyumbani nikiwa nimekaza meno mpaka taya zinauma.

Nitawaeleza basi, nikianzia mwanzo. Ulipostaafu, baada ya kuendesha lori la mawe tangu sijazaliwa, kutoka machimbo ya Juja hadi kila mahali palipopanda ghorofa, sote tulijua utanunua ng'ombe. Mami alikuwa ameshachagua pa kuweka zizi kule shambani Gatuanyaga. Wewe ukarudi na gari la bluu la milango miwili, lile la vijana, limeshushwa hata paka wa jirani alilizunguka kwa sababu hakuweza kupita chini yake. Mami alitoka jikoni akifuta mikono.

"Baba Wanjiru, hii ni nini?"

"Ni gari."

"Hii ni patipati ya kuogea," alisema, akarudi jikoni.

Mafundi wa Ruiru walikushauri uliinue, uwekewe vile vyuma vya kuinulia gari ambavyo kila mtu huku anaweka. Ulikataa. Ulisema, "Nimekaa juu ya mawe ya watu maisha yangu yote. Wacheni sasa nikae chini." Mimi nilicheka, Mami alinuna siku kadhaa, kisha mambo yakaendelea. Mzee wa miaka yake sitini na kitu amefanya kazi, hajamwibia mtu, ametaka kukaa karibu na ardhi huku redio ikiimba. Hilo ndilo kosa lako, Baba. Nimelitafuta lingine sijaliona.

Na walioona ulivyoliendesha ndio wanaoniudhi zaidi, kwa sababu wanajua. Kutoka langoni kwetu hadi lami ni mwendo mfupi, lakini matuta yake hayakutengenezwa na mtu mwenye kipimo. Yaliwekwa na wenyeji kwa udongo na mawe ili kuzuia wenye haraka, na kila aliyeweka aliyarundika kwa urefu wa hasira yake. Kwa gari la kawaida yalikuwa kero. Kwa letu yalikuwa ukuta. Kwa hiyo tuliposafiri tulikuwa na utaratibu wetu. Ulisimama hatua chache kabla ya tuta, ukageuka kuniangalia kule nyuma nilikokunjwa.

"Maitu, shuka kwanza. Wewe ndio mzito."

Uliniita Maitu, mama yangu, kwa sababu nilipewa jina la mama yako, na hata uliponigombeza hukuweza kunigombeza hadi mwisho. Nilishuka. Mami naye alishuka na mkoba wake na kitambaa cha kanisani kichwani, akazunguka mbele, akainama na kuchungulia chini ya gari mbele ya watu wote wa Mwiki, akakuongoza kwa mkono.

"Kuja. Kuja. Lala kushoto. Bado. Sasa kuja pole, inapita."

Nawe ulilipitisha kwa upande, gurudumu moja kwanza, kisha jingine, kwa upole wa mtu anayembeba mtoto aliyelala. Mkokoteni wa maji ulitupita mara nyingi, na mwenye mkokoteni akakusalimia kwa heshima zote. Upande wa pili tulipanda tena, hadi tuta linalofuata. Nilikuwa naona aibu, nikijifanya nasoma simu. Mami hakuona aibu hata siku moja. Yeye ndiye aliyeliita patipati, na yeye ndiye aliyejua kila msumari wa tumbo lake.

Mashimo nayo uliyapa majina ya vyombo. La mbele ya kinyozi lilikuwa sufuria. La karibu na shule lilikuwa karai. Mvua ikinyesha ulirudi na habari kama mtu wa redio: "Karai imekuwa beseni." Wakati mmoja, uchaguzi ukikaribia, walimwaga maram, ule udongo mwekundu wa barabara, na kuishindilia, na barabara ikawa laini kama meza. Mami aliketi ndani ya gari hadi lami bila kushuka, akawa hana la kufanya na mikono yake. Mvua ya kwanza ikaiosha yote hadi mtoni. Beseni lilirudi, na hakuna aliyeuliza nani alilipwa kuleta udongo wa kuoshwa. Aliyechekwa ni wewe, kwa kuendesha gari la chini.

Nakumbuka pia tulipokwisha kupanda lami kubwa kutoka Ruiru kwenda Thika. Pale ulinyamaza. Malori yalitupita, nasi tukayatazama magurudumu yake kutoka chini, na mara moja tu ulisema, "Ona, mimi nilikuwa huko juu." Ulikuwa na furaha ambayo sikuizoea usoni mwako. Jumapili ulitupitisha Kamakis tule nyama, na vijana wenye magari kama lako wakalizunguka wakikuita mkubwa wao. Mmoja alikuuliza, "Mzee, hii inapiga spidi ngapi?" Ukamjibu, "Haijawahi kupiga. Hii inatembea." Walikupenda, Baba. Siku ya maziko walikuja wote, wakaegesha lami na kutembea kwa miguu kwenye vumbi na mashati yao meupe.

Sasa nafika pale nisipopenda kufika. Siku ile ulikwenda shambani kuangalia mahindi. Ukaliacha gari mwisho wa lami, kwenye uwanja wa duka la mbolea, kama ulivyoliacha kila mara, kwa sababu hukuwahi kulipeleka mahali lisikoweza kupita. Ukapanda pikipiki. Mwenye pikipiki ni mtu mzima, baba wa watoto wawili, si mmoja wa wale wanaoshindana na upepo. Alikuja kutuona mkono wake ukiwa bado umefungwa, akasema tangu mlipoondoka ulikuwa unamgusa bega ukimwambia aende pole. Na alikuwa anaenda pole. Lakini pikapu iliyokuwa mbele yenu iliacha vumbi, na ndani ya vumbi hilo kulikuwa na mtaro.

Mtaro ule uliujua. Ulikuwa umetuambia habari zake mezani. Watu wa mabomba walikuja, wakaikata barabara upande hadi upande, wakalaza mabomba ambayo hayajatoa hata tone hadi leo, wakarudishia udongo mlegevu na kwenda zao. Mvua iliposhuka udongo ulizama nao, ukabaki mdomo wazi. Hawakuweka jiwe, hawakuweka kibao. Hata tawi la mti hawakuweka, tawi ambalo kila dereva wa nchi hii aliyeharibikiwa na gari anajua kulivunja na kulitupa barabarani ili mwenzake asiumie.

Na hapa ndipo damu inaponichemka. Siku moja kabla ya maziko lori lilikuja, likamwaga udongo na kokoto mtaroni, likaukanyaga hadi ukawa sawa na barabara. Unajua kwa nini? Kwa sababu mheshimiwa alikuwa anakuja kukuzika, na gari lake lisingepita. Kazi yenyewe ilichukua mchana mmoja. Nilisimama kwenye ua wa shamba nikilitazama lori hilo, lori kama lako la zamani, na nikahesabu moyoni majirani wote wanaopita pale kila siku na maziwa, na wajawazito, na watoto wa shule. Mchana mmoja tu, na usingekuwa ndani ya sanduku.

Mheshimiwa alipita vizuri. Akashika kipaza sauti akasema, "Huyu mzee wetu alipenda mambo ya vijana." Watu wakacheka, kile kicheko cha matangani kinachowapumzisha watu. Akasema angekuwa na gari la kufaa shambani, la juu, hangehitaji pikipiki, na leo tungekuwa naye. Watu wakaitikia kwa vichwa. Nilimtazama Mami. Alikuwa anatazama viatu vyake vilivyojaa vumbi. Mvua mbili baadaye udongo ule ulizama tena, na mtaro uko pale pale ninapoandika.

Tangu siku ile neno la mheshimiwa ndilo limekuwa ukweli. Gari lilimuua mzee. Na mama Kariuki, jirani yetu wa shamba asiye na gari la juu wala la chini, anayepanda pikipiki kila asubuhi na madebe yake ya maziwa, yeye kosa lake litakuwa nini siku yake ikifika? Watasema alipenda maziwa?

Anko Njoroge, mdogo wako, ndiye aliyelishika neno hilo zaidi. Simlaumu sana, naye amekupoteza. Lakini alilikuta gari uani likimtazama kila alipotuzuru, akaamua liuzwe, na kwa kuwa mnunuzi wa huku hataki gari la chini, akalipeleka Ruiru bila kutuuliza, likainuliwa. Alilirudisha Jumamosi akiwa ametosheka. "Sasa hata Gatuanyaga linafika," alisema. Nilitoka nje nikaliona limesimama juu ya magurudumu yake kama mtu aliyevaa suruali fupi. Nilitaka kupiga kelele. Nilichoogopa ni Mami. Alikuwa hajasema neno juu ya gari tangu maziko, nami nikaona kimya chake ni kukubali, kwamba naye amekupata na hatia, na kwamba tukiliuza litaondoka likiwa na jina hilo la muuaji, na wewe utabaki na jina la mzee aliyejitakia.

Jumapili asubuhi nilimwambia twende nalo kanisani, mara ya mwisho. Alipanda mbele, mahali pake, mkoba mapajani. Tulipokaribia tuta la kwanza sikupunguza hata mwendo, maana hapakuwa na haja tena.

"Simamisha," alisema.

"Mami, sasa inapita."

"Nimekwambia usimamishe."

Akafungua mlango, akashuka, akazunguka mbele na kitambaa chake kichwani. Magoti yake hayako kama zamani, kwa hiyo aliinama kidogo kidogo, mkono mmoja kwenye boneti, hadi akaweza kuchungulia. Akakaa hivyo muda. Mwenye mkokoteni wa maji alisimama. Kinyozi alitoka nje na mashine yake mkononi. Hatimaye Mami akanipungia.

"Kuja."

Nikapita moja kwa moja, kama mtu yeyote, na tuta sikulisikia. Mami alibaki ameinama pale pale nilipomwacha, akitazama mahali ambapo hapakuwa na gari tena. Nilimngoja. Alipopanda aliufunga mlango, akaweka mkoba sawa, akavuta kitambaa, na ndipo aliposema, kwa sauti ya kuagiza sukari dukani:

"Mimi ndio nilikuwa naangalia huko chini. Hakuna siku iligusa. Gari wameweza kuinua. Huo mtaro je, nani ameujaza?"

Nilitia gia tuondoke, naye akaongeza:

"Kesho urudishe hii kitu chini vile aliiwacha. Na uwaandikie watu wajue."

Ndiyo maana naandika, Baba. Si hasira yangu peke yangu, ni amri ya mkeo. Kimya chake hakikuwa kukubali. Alikuwa amekasirika kuliko mimi.

Jumatatu nililipeleka kwa fundi, akavitoa vyuma vyote na kunitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Anko Njoroge hanisalimii siku hizi, atazoea. Gari haliuzwi. Jumamosi iliyofuata mimi na Mami tulikwenda hadi mwisho wa lami, tukaliacha kwenye duka la mbolea, tukatembea kwa miguu hadi kwenye mtaro. Mami alikata tawi kubwa la mgunga kwa panga la shambani, tukalisimamisha katikati ya mtaro na mawe chini yake. Limesimama pale. Waliochimba wakipita wataliona, na wakitaka kujua ni la nani, waulize, mtu yeyote Gatuanyaga atawatajia jina lako. Tutakuwa tunalibadilisha likikauka, hadi waje kufukia walichokichimba.

Lakini asubuhi hiyo, kabla ya kufika huko, ilibidi kwanza tutoke Mwiki. Tuta la kwanza lilipofika nilisimama mbali kidogo kama wewe. Mami alishuka bila kuambiwa. Nyuma yetu gari lilipiga honi, akaliinulia mkono bila kugeuka, nalo likanyamaza. "Lala kushoto," akasema. "Kuja. Bado. Kuja pole." Nikageuza usukani, nikaleta gurudumu moja, kisha jingine, nikiwa nimeshikilia pumzi, chini, chini kabisa, karibu na ardhi ulikotaka kukaa.

Halikugusa, Baba.

Ni mimi, yule uliyemwita mama,
Wanjiru