Ubeti wa Nne wa Yeter

Karaözlü, Sivas
9 Novemba 1974

Mdogo wangu Döne,

Salamu nyingi zikufikie huko Istanbul, nakubusu macho yote mawili. Ukitaka kujua hali zetu, hatujambo, isipokuwa goti la Mama linamsumbua tangu baridi ianze. Anauliza kama unakula. Anasema kwenye picha ya gazetini umebaki shingo tu, na kama maziwa aliyokunyonyesha mwaka mzima mama yako alipokuwa na homa yamekwenda bure, umwambie mapema.

Baada ya salamu, nina kisa. Jumapili shemeji Durmuş kaoa. Ndiyo, Durmuş yuleyule. Ukumbini hakukuwa na ngoma wala zumari, siku hizi mambo ya kisasa, wameleta gramafoni. Wakaweka santuri yako. Niliposikia sauti yako nilipiga vigelegele, wallahi, nikawaambia wote mezani huyo ni ndugu yangu wa ziwa moja. Halafu nikasikia maneno.

Döne, huo ni wimbo wangu.

Usiniambie umesahau. Marehemu mume wangu alikuwa na siku arobaini tu tangu mgodi umle. Wakaja baba mkwe, imamu na Durmuş kachana nywele, eti nihamishiwe kwa shemeji kama vile ng'ombe anavyohamishiwa zizi. Wewe ulikuwa umeshika sinia la chai. Nikatungua saz, gambusi la marehemu, ukutani nikawaimbia beti nne palepale, na chai ikapoa hakuna aliyeinywa. Uliniambia siku ile, "Dada, umewachapa bila fimbo." Miezi miwili baadaye ukaenda zako Istanbul.

Sasa fikiria Durmuş, na suti yake ya bwana harusi, anacheza wimbo wa kukataliwa kwake mwenyewe! Bega juu, bega chini, jasho linamtiririka, na hajui. Nilicheka mpaka mama mkwe akaniletea maji.

Kicheko kilikatika santuri ilipokwisha. Beti tatu tu! Ubeti wa nne uko wapi? Wewe ni mtoto wa huku, unajua mtunzi wa kwetu anajitaja ubeti wa mwisho, na hiyo ndiyo sahihi yake. Badala yake mmechukua jina langu mkalifanya kiitikio. Yeter! Yeter! Watu wanarusha mikono wanadhani mtu anasema inatosha, inatosha. Baba alipopata binti wa tano aliniita Yeter ili Mungu asikie kwamba wasichana wanamtosha. Nimelibeba jina hilo miaka ishirini na sita, nimelizoea, nalipenda. Leo nchi nzima inaliita na hakuna anayejua kuna mtu ndani yake.

Nikaomba ganda la santuri nisome. Mtunzi: hajulikani. Mkusanyaji: Muhlis Erdener. Hajulikani, Döne? Mimi? Wewe unajua hata kovu langu la kuungua na tanuri la mikate liko mkono gani.

Sitaki kingine. Waandike jina langu na wanirudishie ubeti wangu. Nijibu upesi.

Dada yako wa ziwa moja,
Yeter


Karaözlü
20 Januari 1975

Mdogo wangu Döne,

Salamu. Sisi wazima. Theluji imefika dirishani na goti la Mama limevimba, lakini mdomo wake mzima, asubuhi amewagombeza kuku na mwenyekiti wa kijiji kwa pumzi moja.

Wiki kumi sijapata jibu. Nilidhani barua imepotea, mpaka mwalimu akaniletea gazeti lake la muziki. Wimbo uko nambari moja kwa wiki ya sita. Umeulizwa umeutoa wapi, ukajibu, "Ni wimbo wa wananchi, hauna mwenyewe." Basi barua yangu ilifika; usingemkana mwenyewe kama hakuna aliyekudai.

Nimekutangulia kuzaliwa kwa wiki sita tu, lakini nimekutangulia. Usinilazimishe kuongea na ukuta.

Dada yako,
Yeter


Istanbul
2 Februari 1975

Dada yangu mpendwa Yeter,

Nakubusu mikono, na mikono ya Mama naibusu mara elfu. Natumaini goti lake limepata nafuu. Mimi mzima kiafya. Usiniulize zaidi ya hapo.

Barua yako ya kwanza ninayo chini ya mto. Nimeanza kuijibu mara tisa, nikachana zote. Nitakuambia ilivyokuwa bila kuremba.

Mwaka mzima nilikuwa nasimama nyuma ya waimbaji wengine naitika la la la. Siku moja studio, watu wanakunywa chai, nikawa naosha vikombe naimba peke yangu. Bwana Muhlis, mwenye kampuni, akasimama mlangoni. Akaniambia niurudie wote. Nikaurudia, beti nne. Akasema upande wa santuri ni dakika tatu, na habari za kufiwa hakuna anayezitaka harusini, kwa hiyo wa nne utoke. Lakini lile neno Yeter likamkaa. "Hilo ni moto," akasema, "tulitie kila baada ya ubeti." Nikamwambia, "Bwana, hilo ni jina la mtu." Akacheka, na wapiga gitaa wakacheka. "Nani atamwita mwanawe Inatosha?" Na mimi, dada yangu, nikacheka nao. Hapo ndipo nilipokukosea. Kwenye santuri imeandikwa Suna Yalaz, hilo ndilo jina walilonipa, na Suna Yalaz alicheka.

Sasa nikisema wimbo una mwenyewe, Bwana Muhlis atasema nilimdanganya. Mkataba utachanwa, na nitarudi la la la, au vikombe. Nina nafasi moja tu, dada. Nivumilie mwaka huu. Nikishakuwa na nguvu nitalisema jina lako mwenyewe.

Nimekutumia koti la manyoya, jipya kabisa, zuri kwa theluji ya huko. Livae unikumbuke.

Mdogo wako wa ziwa moja,
Döne


Karaözlü
1 Machi 1975

Döne,

Salamu za Mama nakufikishia, zangu utazisoma chini.

Koti! Umenitumia koti! Mimi! Nikalifungua mbele ya Mama, mama mkwe na wifi zangu wawili, na Mama ndiye aliyeanza kucheka, akafuatiwa na wote, hata mama mkwe. Umesahau kabisa au unanifanyia makusudi? Nakuandikia ubeti wenyewe, usije ukasema hukumbuki:

Yeter sikuachwa koti,
ndugu apate kuvaa;
nimefiwa, si maiti,
nyumbani kwangu nakaa.

Koti linarudi kwa basi hilihili lililoleta barua. Mpe Bwana Muhlis, amevaa vya watu muda mrefu.

Unaniambia nikuvumilie. Wale watatu waliokuja na posa nao waliniambia nivumilie. Niliwakatalia wao nikiwa na njaa na msiba, nitashindwa kukukatalia wewe niliyelala nawe kitanda kimoja? Sivumilii. Na sikuombi tena.

Sikiliza ninavyofanya. Mwishoni mwa Januari, baada ya barua yangu ya pili, kulikuwa na harusi ya bintiye muuza chumvi. Wakaweka santuri yako. Sindano iliponyanyuliwa, nikasimama katikati ya ukumbi na saz langu nikaimba ubeti wa nne. Bibi harusi akasema, "Tena!" Nikauimba mara tatu. Durmuş alikuwepo. Alisimama na glasi yake ya limau, nikamwona anahesabu beti kwa vidole, akafika wa nne akaelewa. Döne, uso ule! Alitoka nje kupoza kichwa. Mkewe akabaki ndani, akaimba nasi.

Sasa hapa hakuna harusi inayoishia kwenye ubeti wa tatu. Santuri ikinyamaza, wanawake wanamalizia. Binti wa muuza chumvi kaolewa Ankara, kaenda nao. Fadime, jirani yetu, kaurekodi kwenye kaseti pamoja na salamu za watoto, kampelekea mumewe aliye kazini Duisburg, Ujerumani, na huko bwenini wanaupiga kila Jumamosi. Mwache Bwana Muhlis akate santuri. Midomo ataikatia wapi?

Usiniandikie mpaka uwe na la kusema.

Yeter


İzmir
18 Septemba 1975

Dada Yeter,

Nakubusu mikono. Mama hajambo? Mwambie nakula. Miezi sita na nusu sijakuandikia kwa sababu ulinikataza mpaka niwe na la kusema. Leo ninalo.

Kampuni ilinileta hapa kwa maonyesho ya biashara, niimbe majuma matatu. Jumatano ni zamu ya wanawake. Unazijua zamu hizo: saa nane mchana, hakuna mwanaume isipokuwa wapiga muziki, watu wanakuja na majani ya mzabibu yaliyojazwa wali, mbegu za alizeti, na watoto mgongoni. Safu za nyuma walikaa wanawake wa maghala ya tumbaku, vidole vyeusi, wanaongea kwa sauti kuliko spika.

Nikaimba wimbo wako. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Muziki ukafika mwisho, nikainama kushukuru. Makofi hayakuja. Nikadhani nimeharibu. Halafu kutoka nyuma akaanza mmoja, sauti nene ya mtu anayevuta sigara: Yeter sikuachwa koti. Wa pili akapokea. Safu ikapokea. Kabla sijaelewa, ukumbi mzima ulikuwa unaimba ubeti wa nne, wanawake elfu moja, dada yangu, na wengine wamesimama juu ya viti. Mimi mwimbaji nilikuwa pekee niliyefunga mdomo.

Walipomaliza, yule wa sauti nene akapaza, "Wee Suna! Mbona wewe huujui mwisho? Huyo Yeter ni nani?"

Bwana Muhlis alikuwa pembeni ya pazia. Akaniashiria kwa kidole, wimbo unaofuata. Kiongozi wa bendi akaanza kuhesabu. Nikamshika mkono.

Nikasema kwenye kipaza sauti, "Yeter ni jina la mtu. Yuko Karaözlü, mkoa wa Sivas. Wimbo huu kautunga yeye, beti zote nne, na pale ganda linaposema mtunzi hajulikani ni uongo. Mimi nilimjua nikanyamaza. Tumenyonya ziwa moja. Mimi siitwi Suna, naitwa Döne."

Kipaza sauti kikazimwa. Nikaimba ubeti wako bila kipaza, kwa koo langu, na wao wakaimba nami. Nililia mpaka wanja ukanifika kidevuni na sikuona aibu hata kidogo.

Bwana Muhlis aliuchana mkataba nikiwa bado nafuta uso. Anasema wimbo ni mali ya kampuni, nisithubutu kuuimba popote, na jina Suna Yalaz nalo ni lao, watampa msichana mwingine. Nikamwambia amvalishe na koti.

Nimepanga chumba kwa mjane mmoja mtengeneza tumbaku, ndiye yule wa sauti nene, anaitwa Bi Şöhret, anakusalimu sana na ana hamu ya kukuona. Wanawake wa maghala wamekodi ukumbi wa sinema kwa Jumatano ya mwisho wa Oktoba, wanataka nikawaimbie. Nimekubali bila kufikiri. Sasa nakaa kitandani na sina hata wimbo mmoja ulio wangu. Zote nilizoziimba ni za kampuni.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nilitaka usikie kutoka kwangu.

Mdogo wako,
Döne


Karaözlü
6 Oktoba 1975

Mdogo wangu Döne,

Salamu nyingi zikufikie, nakubusu macho yote mawili, hata yakiwa na wanja wa juzi. Sisi hatujambo. Mama nilimsomea barua yako mara mbili. Ya kwanza alilia, ya pili akauliza kama huyo Bi Şöhret anajua kupika. Goti limetulia. Mama mkwe kasomewa pia, kasema, "Angalau mmoja wa wale wawili kajifunza adabu," na sijui alimaanisha nani.

Nilikukasirikia, Döne. Nilikukasirikia hata nilipokuwa nakunja nguo. Kuna siku niliapa ukija sitakufungulia. Barua ilipofika nikaisoma nimesimama, nikakaa, nikajikuta nimeshakusamehe kabla ya kufika pale ulipomshika mkono yule wa bendi. Sijui jinsi ya kuliandika hili vizuri. Wewe ni ndugu yangu, basi.

Kuhusu ule wimbo, Bwana Muhlis aukalie na santuri zake. Wanawake wa tumbaku hawakusaini mkataba na mtu, watauimba wakitaka, na wewe utakaa kwenye kiti uwasikilize.

Na unasema huna wimbo. Unao. Nimeutunga wiki hii nikimenya nyanya za kuweka akiba, umo ndani ya bahasha hii kwenye karatasi ya pili, beti tano. Mwendo wake ni ule wa kupura ngano, unaoujua tangu utoto, uharakishe kidogo. Unamhusu mtu aliyeiba jina akashindwa kulimeza.

Ubeti wa mwisho wanaweza kuukata. Wa kwanza pia. Ndiyo maana safari hii jina langu liko katika kila mstari, limefungwa na jina la kijiji, na lako liko pembeni yake. Waambie wachukue mkasi.

Dada yako wa ziwa moja,
Yeter wa Karaözlü