Shamba la Mbingu Bado Halijaamuliwa

Dodoma

Mama,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza mguu unaendeleaje, nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Siku ile kwenye baraza la ardhi sikuwa nimesahau. Nilikumbuka kila neno.

Nilikuwa juu ya dungu nikifukuza ndege, Baba mdogo akaja akamwambia marehemu Baba, "Kaka, niazime hili shamba la Mbingu misimu miwili tu." Aliazimwa, Mama, hakupewa. Lakini mwenyekiti aliponiuliza, nilikuwa nimetoka kumwamkia Baba mdogo mlangoni, naye ananitazama. Niliona nikisema nitakuwa nimemwita mwongo mbele za watu. Nikajibu sikumbuki. Tukashindwa, na Mahakama Kuu tukashindwa tena.

Nasikia Baba mdogo anatamba kwamba kesi imekwisha. Haijaisha. Hapa dukani ninapofanya kazi tunawatolea kopi mawakili, na mmoja wao, mama wa makamo, alinikuta nasoma jalada lake. Akacheka, "Binti, nawe jaji?" Niliona aibu, lakini nikamuuliza. Akasema juu ya Mahakama Kuu ipo Mahakama ya Rufani, na juu yake hakuna nyingine. Zamani tulikuwa na moja pamoja na Kenya na Uganda. Jumuiya ilipovunjika tukaunda yetu. Majaji watatu hukaa pamoja. Hawaiti mashahidi upya, wanapima yaliyoandikwa huko chini kama sheria ilifuatwa.

Nililia, maana kilichoandikwa ni lile "sikumbuki" langu. Hata hivyo nikampa nakala ya kesi yetu. Akauliza kama maoni ya wazee wa baraza, wale waliokaa na mwenyekiti, yalisomwa mbele yenu kabla ya hukumu. Hayakusomwa, nilikuwepo. Akasema hilo peke yake linaweza kufuta yote, kesi ianze upya.

Ikianza, nitamwamkia Baba mdogo kwa heshima zote, kisha nitasema.

Ndugu wakikuambia ukubali yaishe, kataa. Taarifa ya rufaa ina siku thelathini tangu hukumu ya Mahakama Kuu, na zimebaki chache. Panda basi Jumatatu, wakili anakungoja.

Msalimie mdogo wangu Gaudensi, na Shangazi wa Lumemo aliyekushika mkono siku ya hukumu. Ila hili la dungu usimwambie mtu, hata Shangazi. Baba mdogo akilijua atatuma wakubwa wa ukoo waje kunibembeleza ninyamaze, na safari hii sitaki hata kubembelezwa.

Mwanao,
Restituta