Paka Ninaye Mimi

Mkwe wangu, maharage nimeyaepua hayajaiva, yarudishe motoni. Na dirisha la chumbani kwangu lisifunguliwe tena.

Paka ninaye mimi. Nimemtoa kwenye gunia. Ndiyo, gunia! Asubuhi hii mumeo, huyo niliyemzaa mwenyewe kwa bahati mbaya, alikuwa anakwenda kumtupa sokoni. Eti daktari wa mifugo kasema paka ana kirusi kinachomaliza kinga mwilini, basi tutaambukizwa sote. Kasema hivyo lini? Jana tulikwenda wote, na masikio yangu bado mazima. Kasema kirusi hicho ni cha paka kwa paka, kinapita wakiumana, binadamu hakimpati. Sasa ukimtupa sokoni kwenye mapaka yote yale, si ndio unakwenda kuwagawia?

Na huko kuumana kumetoka wapi? Mwaka jana nilisema ahasiwe, atulie nyumbani. Bwana mkubwa akavimba: "Baba, dume langu halikatwi!" Kila likirudi na sikio limechanika, analibeba kuwaonyesha majirani, utadhani kapigana yeye. Shujaa wa meno ya kuazima!

~~Limtu zima ovyo.~~ Nimekata hapo, wajukuu wanajua kusoma.

Basi tumekwenda kwa daktari akahasiwe. Akirudi analala kwangu, nje hatoki. Daktari kasema akitunzwa ataishi miaka mingi tu. Mumeo akitaka kumtupa tena, mwambie aanze na baba yake.

Babu